Tumbo limepunguzwa, macho yamehamia sahani za wengine

Jumapili moja mwaka jana tulikuwa watu tisa mezani nyumbani kwa dada yangu mkubwa, Tabata. Kulikuwa na pilau ya nyama, kachumbari, ndizi mbivu na jagi la juisi ya ukwaju. Dada alikuwa na kisosi chake: kipande cha samaki wa kuchemsha na vijiko viwili vya boga. Miezi saba kabla ya siku hiyo alikuwa amefanyiwa upasuaji wa kupunguza uzito, na hicho ndicho kiasi ambacho tumbo lake liliweza kupokea.

Binti yake wa miaka 13 alinyoosha mkono kuongeza pilau. Dada hakupandisha sauti. Aliuliza tu, "Hicho ni kijiko cha ngapi, mama?" Mtoto akarudisha upawa kwenye hotpoti. Shemeji akaanzisha habari za mvua, mtu akamjibu, mazungumzo yakaendelea. Mimi ninayeandika safu hii kila wiki nilikuwa nimekaa pembeni ya mtoto, na sikusema neno.

Wiki tatu baadaye mtoto alianguka mstarini shuleni. Mwalimu wa zamu alidhani ni malaria, akampeleka zahanati. Kipimo kikasema hana malaria. Muuguzi, mama mtu mzima, alimtoa mwalimu nje na kumuuliza mtoto swali moja: mara ya mwisho umekula lini? Ilikuwa jana yake mchana, nusu ya andazi. Kwa zaidi ya mwezi alikuwa akimwambia mama yake kwamba amekula shuleni, na shuleni akisema ameshiba nyumbani.

Dada ameniruhusu kuandika haya kwa masharti mawili. La kwanza, nisitaje jina lake wala la mtoto. La pili, niandike wazi kwamba hajutii upasuaji. Nalitimiza la pili mapema, kwa sababu wapo wasomaji wanaosubiri simulizi ya namna hii ili wamkataze ndugu yao kwenda hospitali.

Kabla ya upasuaji dada alikuwa na kilo 128 kwa urefu wa mita 1.60. Kwa kipimo cha BMI, ambacho hupatikana kwa kugawa uzito kwa urefu uliozidishwa kwa wenyewe, hiyo ni 50. Unene uliopitiliza huanza kuhesabiwa kwenye 30. Alikuwa na kisukari aina ya pili, presha, na magoti yaliyomfanya afundishe akiwa amekaa. Alikuwa amejaribu kila kitu ambacho watu humwambia mtu mnene ajaribu, pamoja na vingine ambavyo hakuna mtu mwenye akili angemwambia. Leo anapanda ngazi mpaka darasa la ghorofa ya pili, na daktari wake amempunguzia dawa za sukari mara mbili.

Kwa hiyo mjadala wa leo hauhusu kama upasuaji unafaa. Unahusu jambo ambalo halimo kwenye fomu ya ridhaa anayosaini mgonjwa: yanayotokea kwenye meza ya familia baada ya mtu mmoja kupunguzwa tumbo na wengine wote kubaki na matumbo yao.

Kilichobadilika ndani

Aina aliyofanyiwa dada ndiyo inayofanyika zaidi duniani kwa sasa. Daktari huingiza vifaa kwa matundu madogo tumboni, anakata na kuondoa takriban asilimia 75 hadi 80 ya mfuko wa chakula, na kinachobaki ni kama mrija mwembamba, umbo la ndizi. Aina nyingine hutengeneza kifuko kidogo juu ya tumbo, chenye ujazo wa mililita 30 hivi, kisha kukiunganisha moja kwa moja na utumbo mwembamba ili chakula kiruke sehemu kubwa ya tumbo na mwanzo wa utumbo. Puto, ambalo Watanzania wengi wamelisikia kupitia Hospitali ya Taifa Muhimbili, Mloganzila, si upasuaji. Huingizwa kwa njia ya mdomo, hujazwa likiwa ndani, na huondolewa baada ya muda, mara nyingi miezi sita. Likitolewa, nafasi yake inabaki wazi, na aliyekuwa hajabadili namna ya kula huanza kurudi alikotoka.

Watu hudhani upasuaji ni suala la nafasi tu, kwamba ndoo imebadilishwa kuwa kikombe. Kuna zaidi ya hapo. Sehemu ya juu ya tumbo, ile inayoondolewa, ndiyo inayotengeneza kwa wingi homoni ya grelini, ambayo huupelekea ubongo taarifa ya njaa. Ikiondolewa, njaa hupungua sana kwa miezi mingi. Wakati huohuo homoni za utumbo zinazoleta hisia ya kushiba hupanda. Wengi hueleza pia kwamba ladha na harufu zimebadilika: sukari inachukiza, nyama ya ng'ombe inakuwa kama kutafuna kamba, harufu ya mafuta ya kukaangia inawafukuza jikoni.

Dada alipata yote hayo. Wiki mbili za kwanza alikuwa wa supu ya kuchuja, maziwa na maji kwa kunywa funda moja moja. Zikafuata wiki za chakula kilichosagwa, kisha laini, hata akafika kwenye chakula cha kawaida. Ila cha kawaida kwake si cha kawaida kwetu. Wali, ugali na chapati ndivyo vinavyomshinda zaidi. Vinavimba, vinanata, vinakwama, na hutoka vilikoingilia. Maji hanywi pamoja na chakula. Husubiri nusu saa. Kila mlo lazima aanze na protini, kwa kuwa anahitaji angalau gramu 60 kwa siku na nafasi aliyonayo ni ndogo. Mayai mawili yanampa gramu 12 hivi, kipande cha samaki cha gramu 100 kinampa kama 20, bilauri ya mtindi 8. Ukijumlisha unaona kwamba mtu huyu hana nafasi ya kumridhisha mama mkwe kwa kijiko cha wali.

Kuna vidonge vya vitamini na madini vya kila siku, hasa B12, chuma, kalsiamu na vitamini D, na hivyo ni vya maisha yote. Wanawake hushauriwa wasishike mimba kwa mwaka mmoja hadi mwaka na nusu. Pombe huingia kwenye damu haraka kuliko zamani, hasa kwa waliounganishwa utumbo, na wapo wanaojikuta wamehamia huko. Haya daktari wako atakueleza, na dada alielezwa yote kwa karatasi.

Njaa ikaondoka, chakula kikabaki

Kitu ambacho hakikuandikwa kwenye karatasi ni kwamba mtu aliyekuwa akiwaza chakula kwa miaka 30 hatalala leo na kuamka kesho hakiwazi. Njaa ilikuwa tumboni. Mawazo yalikuwa kichwani, na huko hakuna aliyepitisha kisu.

Miezi mitatu ya mwanzo dada alipika kuliko alivyowahi kupika maishani. Siku za kazi alipika makange, mihogo ya nazi, biriani ambayo zamani ilikuwa ya sikukuu. Mwenyewe alikula vijiko vyake vitatu, kisha akakaa kutuangalia. "Onja na hii." "Ongeza, ipo nyingi." Alitaka kujua nyama imeiva vipi, nazi imekolea, pilipili imezidi? Alikuwa akila kwa midomo yetu. Shemeji aliongezeka kilo tano katika kipindi ambacho mkewe alipoteza 22. Tulicheka, tukasema ndoa ni kugawana.

Mwezi wa nne upepo ukageuka. Ghafla chakula chetu kikawa kingi, kichafu, cha aibu. Alishuka daladala kituo kimoja kabla kwa sababu kijana wa kiti cha mbele alikuwa akila chipsi mayai kwenye mfuko. Kazini alimwambia mwalimu mwenzake aliyekuwa akinywa soda kwa chapati kwamba chupa ile ina vijiko vya chai karibu tisa vya sukari. Hesabu yake ilikuwa sahihi, lakini mwenzake alihamisha kiti, na mpaka leo hunywa chai kwenye maabara. Kwenye sherehe ya kumuaga mdogo wetu, dada alimwambia shangazi yetu, mbele ya watu, "Shangazi, hiyo ni nyama ya tatu." Shangazi aliweka mfupa mezani, akanawa, akaenda kukaa kwa upande wa bwana harusi.

Nilimkasirikia. Nilimwona kama mlevi aliyeacha pombe jana na leo anawahubiria watu baa. Sikuelewa kwamba yaliyompata hutokea kwa wengi wanaofanyiwa upasuaji huu. Baadaye, alipoanza kukutana na mnasihi, aliniambia mambo matatu ambayo nayaandika kama alivyoyasema, kwa sababu mimi nisingeyafikiria. Alisema alikuwa na wivu, na wivu wa chakula ni aibu kuukiri ukiwa na miaka 43. Alisema alikuwa na msiba, kwa maana chakula kilikuwa rafiki yake wa jioni tangu utotoni na hakuna aliyempa pole. Na alisema alikuwa na hofu: kila aliyemwona anakula sana alikuwa ni yeye mwenyewe akirudi.

Hofu hiyo ina msingi. Baada ya mwaka mmoja au miwili, sehemu ya njaa hurejea kwa watu wengi, tumbo huzoea kiasi kikubwa zaidi kidogo, na uzito kiasi unaweza kurudi. Wanaopona vizuri hawajakingwa na hilo. Wanajifunza kuishi nalo. Mtu asiyeambiwa mapema hudhani ameshindwa.

Nao walimtazama sahani

Niwe mkweli upande wa pili pia. Dada hakuanza yeye kuhesabu vijiko vya watu. Watu walianza kuhesabu vyake.

Kwetu mtu mnene amenawiri, ametunzwa, mume wake anajiweza. Akipungua ghafla, mtaa una majibu tayari. Kwenye msiba wa jirani mama mmoja alimshika mkono na kumuuliza kwa sauti ya chini ambayo wote tuliisikia, "Mwanangu, mbona umekwisha hivi? Mnatuficha nini?" Mwingine alimtumia shemeji ujumbe kumuuliza kama wamepima. Wifi yetu alisema mkewe kaka yake ananyimwa chakula. Mahali ambapo sinia huwekwa chini na watu sita huzunguka, mwenye kula matonge mawili na kuacha anaonekana anaringa, au ana kinyaa na wenzake. Mama mkwe, ambaye anampenda kwa dhati, alimfungia chakula na kumwambia, "Kula kidogo tu, hata kwa ajili yangu." Alikula kwa ajili yake, akatapika chooni kwa mama mkwe, na wakasema ana mimba.

Dada hakutaka kutangaza upasuaji wake. Ni haki yake. Basi akatafuta ngao, na ngao aliyoipata ilikuwa kumtupia mwenzake jicho kabla hajatupiwa yeye. Wewe unaniuliza kwa nini sili? Na wewe kwa nini unakula hivyo?

Sasa ana majibu mafupi ambayo hayamuumizi mtu. "Asante, nimeshiba." "Nakula taratibu, msinisubiri." Penye sinia hujipakulia kwenye kisosi mapema, kabla mikono haijaingia, na hukaa pamoja na wengine mpaka mwisho. Nimegundua kwamba watu hawajali sana umekula nini kama hujanyanyuka kwenye mkeka.

Na ndoa? Utafiti mkubwa wa Sweden, ambao ulianza kuandikisha watu mwaka 1987 na kuwafuatilia waliopasuliwa na wasiopasuliwa, ulichapisha mwaka 2018 matokeo ambayo kila mwenzi anapaswa kuyajua. Waliopasuliwa wakiwa na wenzi walitengana zaidi kuliko wasiopasuliwa, na waliokuwa peke yao walipata wenzi zaidi. Maana yake si kwamba kisu kinavunja ndoa. Maana yake ni kwamba mambo mengi ndani ya nyumba hutikisika mtu mmoja anapobadilika kiasi hicho, na chakula cha jioni ni mojawapo. Shemeji alikiri kwamba alikosa mtu wa kula naye mishikaki ya barabarani Ijumaa usiku. Kwa miaka 16 hiyo ndiyo ilikuwa safari yao ya wawili. Hakuna aliyefikiri kuweka kitu kingine mahali pake. Siku hizi hutembea mpaka Tabata Segerea na kurudi, na shemeji hununua mshikaki mmoja njiani bila kujificha.

Mtoto alisikia nini

Nirudi kwa binti, maana ndiye aliyenifanya niandike.

Mtoto huyu hakuwa mnene. Alikuwa na mwili wa msichana wa miaka 13, ambaye yuko kwenye ukuaji wa haraka na anahitaji chakula zaidi, sio pungufu. Alichoona nyumbani ni hiki: mama alikuwa mnene na alilia, mama hakula tena na watu wakaanza kumsifia. Kila wiki mama alipanda kwenye mzani na kila wiki alishuka akitabasamu. Kisha akaulizwa, hicho ni kijiko cha ngapi. Sijui mtoto gani asingefanya hesabu hiyo.

Dada anasema hakuwa na nia mbaya, na namwamini. Shuleni walimwita kibonge, tipwatipwa, na jina jingine ambalo hataki niliandike. "Nilikuwa nikimwangalia yeye anakula," aliniambia, "najiona mimi nikiwa darasa la saba. Nilitaka nimwokoe kabla hajafika nilikofika mimi." Unene huenda katika familia, ni kweli, na mzazi aliyebeba kilo 128 ana sababu ya kuwa macho.

Lakini njia aliyotumia inajulikana kwa madhara. Mwaka 2013 watafiti wa Chuo Kikuu cha Minnesota, Marekani, walichapisha matokeo kuhusu vijana na mazungumzo ya wazazi wao. Vijana ambao wazazi wao walizungumzia uzito walikuwa na mwelekeo mkubwa zaidi wa kujinyima, kutumia njia zisizo salama za kupunguza mwili na kula kwa kupitiliza. Wale ambao wazazi wao walizungumzia chakula chenye afya, bila kutaja uzito wa mtoto, walikuwa na mwelekeo mdogo wa mambo hayo. Utafiti wa aina hiyo hauthibitishi kwamba neno la mzazi pekee ndilo lililosababisha. Hata hivyo, kati ya kusema "tule mboga leo" na kusema "mapaja yako yanaongezeka," unajua sasa lipi la kuacha.

Mzazi anayefuatilia ataona dalili mapema kuliko sisi tulivyoona. Mtoto anadai amekula mahali pengine, kila mara. Anakatakata chakula na kukisambaza kwenye sahani. Anakwenda chooni mara tu baada ya kula. Anavaa sweta kwenye joto la Dar es Salaam. Anapika kwa ajili ya wengine na haonji. Msichana aliyekwisha kuvunja ungo hedhi inakata. Anazimia, nywele zinanyonyoka, anasikia baridi. Mojawapo ya hizi peke yake inaweza kuwa jambo jingine kabisa, lakini zikiwa mbili au tatu mpeleke hospitali, na ukifika useme wazi kwamba una wasiwasi na namna anavyokula. Usipotaja chakula, utapewa dawa za minyoo na kurudishwa nyumbani.

Kama kweli mtoto amezidi uzito, pia mahali pake ni kliniki. Mtoto hupimwa kwa chati ya umri na jinsia yake. BMI ya mtu mzima haimhusu, wala jicho la mama, wala maneno ya shangazi. Mara nyingi lengo kwa mtoto anayekua huwa ni kuzuia uzito usiongezeke wakati urefu unapanda, na hilo halihitaji njaa.

Walichofanya nyumbani

Mtaalamu wa lishe aliyewapokea baada ya tukio la shuleni aliwataka waje wote wanne, pamoja na kaka wa miaka 9 ambaye alidhani anakwenda kuchomwa sindano. Hili ndilo ningependa lifanyike kabla ya upasuaji, siyo baada ya mtoto kuanguka. Madaktari wa Stanford, Marekani, walichapisha mwaka 2011 utafiti mdogo wa wagonjwa 35 waliounganishwa utumbo na ndugu walioishi nao. Ndugu walihudhuria kliniki pamoja na mgonjwa, wakafundishwa naye. Baada ya mwaka mmoja, watu wazima wanene katika familia hizo, ambao hawakupasuliwa, walikuwa wamepungua kwa wastani wa kati ya kilo 3 na 4. Ni utafiti mdogo, usiujengee nyumba. Ila unaonyesha kwamba ndugu wanaweza kubadilika kwa kuhusishwa, wakati kwa dada, aliyetumia kuhubiri, aliyepungua mezani ni mtoto peke yake.

Kanuni waliyopewa inatokana na mtaalamu wa lishe wa Marekani, Ellyn Satter, na madaktari wengi wa watoto huitumia. Mzazi anaamua chakula gani, saa ngapi na mahali gani. Mtoto anaamua kama atakula na kiasi gani. Inaonekana rahisi mpaka ujaribu. Wiki ya kwanza dada alilazimika kukaa juu ya mikono yake.

Kwa hiyo nyumbani sasa chungu ni kimoja. Samaki, maharage au dagaa, mboga nyingi, na ugali au wali kwa wanaouweza. Dada anatoa chake kwenye chungu kilekile. Juisi ya sukari imeondoka mezani kwa wote, haikukatazwa kwa mmoja, na jagi lina maji yenye vipande vya limau. Pilau ya Jumapili ipo. Kila mmoja anajipakulia. Habari za mwili wa mtu, mnene au mwembamba, wa aliyepo au asiyekuwepo, hazizungumzwi wakati wa kula, hata za kusifia. Mzani umehamia kabatini kwa dada na hupimwa mlango ukiwa umefungwa. Shangazi alipelekewa khanga na kuombwa radhi. Alizipokea khanga, radhi amesema atafikiria.

Mnasihi alikutana na mtoto peke yake mara sita, na mara mbili akiwa na mama yake. Katika mojawapo dada alimwambia bintiye kwamba yeye mwenyewe anaogopa chakula, kwamba hofu hiyo ni ya kwake, na kwamba yeye mtoto hapaswi kumsaidia kuibeba. Sikuwepo. Mtoto ndiye aliyenisimulia, tukiwa tunamenya vitunguu: "Mama mdogo, kumbe mama naye anaogopa."

Imepita miezi 18 tangu upasuaji. Dada alishuka hadi kilo 91, sasa ana 94. Kilo hizo tatu zilimkosesha usingizi, akaenda kliniki, akaambiwa ziko ndani ya kinachotarajiwa, akaongezewa protini na kupunguziwa tende ambazo alikuwa amejishawishi kwamba ni dawa. Bado anahesabu vijiko vya watu. Anasema hesabu inajiendesha yenyewe kichwani, kama mtu anayesoma mabango akiwa ndani ya basi. Anachoweza ni kutoisoma kwa sauti.

Jumapili iliyopita nilikuwa pale tena. Binti alichukua pilau, akala, akanyoosha mkono kuongeza. Niliona macho ya dada yakienda kwenye upawa. Akainuka, akasema anakwenda jikoni kuleta chumvi. Chumvi ilikuwa mezani, mbele ya sahani yangu. Mtoto naye aliiona, akanitazama, akaongeza pilau na kipande cha nyama juu yake.